Kitalu changu kiko kwenye theluji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa maoni nimjibu mwandishi wenu wa makala za kilimo. Wiki tatu zilizopita aliandika kuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki tunaolima vibustani ughaibuni, nami nikafurahi, maana si mara nyingi gazeti la nyumbani linakumbuka kwamba hata huku tuna majembe. Lakini alimalizia kwa mambo mawili ambayo sikuweza kuyaacha yapite. La kwanza, kwamba kwenye nchi za theluji kuanzia Novemba mpaka Mei mkulima hana la kufanya, labda awe na fedha za kununua taa maalumu na mikeka ya umeme ya kupashia miche joto ndani ya nyumba. La pili, kwamba aliyekosa mbegu za mboga za kwetu awaombe ndugu wamfungashie kidogo kwenye sanduku la safari. Hilo la pili nitalirudia, kwa sababu linaweza kumtia mtu matatani. Nianze na la kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Lukozi, Lushoto. Tangu 2014 naishi Saint Paul, jimbo la Minnesota, na kazi yangu ni ya jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Leo kipimajoto cha dirishani kimesoma nyuzi 17 chini ya sifuri. Jua limechomoza karibu saa mbili asubuhi na litazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Udongo wa bustani umekuwa jiwe, ukilipiga jembe linakurudia usoni. Na wiki hii hii ndiyo nasia mbegu. Nje, si ndani.

Ujuzi huu sikutoka nao nyumbani. Nilipewa Januari 2019 na mzee mmoja pale kazini, mkulima mstaafu aliyelima mahindi na soya maisha yake yote, ambaye siku hizo alikuwa anatembelea kigari cha magurudumu na alipenda kukaa karibu na mlango wa jikoni kwa ajili ya harufu ya mkate. Jikoni kwetu tunamaliza madumu ya maziwa kumi na zaidi kwa siku, yale ya galoni moja, karibu lita 3.8, ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Nilikuwa nayakanyaga yanywee niyatie kwenye pipa. Mzee akanitazama, akasema, "Unatupa vitalu."

Nilidhani uzee umemzidia. Nikamwitikia tu kwa heshima, nikaendelea kukanyaga. Kesho yake akanirudia kwa swali: kwetu mbegu tunasia wapi? Nikamweleza habari za vitalu vya Lushoto, tuta lililoinuliwa, nyasi juu, maji asubuhi na jioni, na jinsi mama yangu alivyokuwa akiotesha nyanya kwenye makopo ya Kimbo yaliyotobolewa kwa msumari. Akapiga paja. "Basi unajua kila kitu," akasema, "umebakiza kuacha kuogopa baridi."

Dumu hukatwa kiunoni kulizunguka, ila upande wa mpini unaacha upana wa vidole vitatu bila kukata, ili lifunguke na kujifunga kama mdomo wa kiboko. Chini unatoboa matundu manane au kumi yenye unene wa penseli. Mimi natumia bisibisi niliyoichoma kwenye jiko la gesi, dirisha likiwa wazi, kwa sababu moshi wa plastiki si wa kuvuta. Unatia udongo wa kuoteshea, ule mwepesi wa dukani, kimo cha sentimita 8 mpaka 10. Wa shambani usiutie, utashikamana kama tofali na mizizi itakosa pa kupita. Mfuko mmoja wa lita 56 unanitosha madumu 25 hivi. Unaulowanisha vizuri, unauacha uchuje, unasia, unafunika mbegu kwa kadiri ya ukubwa wake, unafunga kile kiuno kwa mkanda mpana wa gundi. Kizibo unakitupa. Halafu unalitoa dumu nje penye jua na mvua, unaingia ndani kunywa chai. Hiyo ndiyo kazi yote mpaka Machi.

Kuhusu kizibo na matundu nitaongeza neno, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia. Mwaka ule wa kwanza nilitengeneza madumu 12. Saba niliyafanya kama nilivyoelekezwa. Matano niliyaonea huruma: nikayaachia vizibo vyake ili "yasipate baridi", na mawili kati ya hayo sikuyatoboa chini kabisa, nikihofia maji yatakimbia. Mzee nilipomsimulia alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Dumu si koti. Usiku, ndani yake na nje yake baridi ni moja. Kazi yake ni kuzuia ndege, upepo na mvua kubwa ya kufukua mbegu, na mchana kuupa udongo joto kidogo la jua. Mdomo wazi ndio unaoingiza theluji na mvua na kutoa hewa ya moto, matundu ndiyo yanayotoa maji. Yale mawili yasiyotobolewa yaliyeyuka mwezi wa tatu yakawa madimbwi, na mbegu zikaoza zinanuka. Yale matatu yenye vizibo yaliota ukungu mweupe kama pamba.

Saba je? Hapa lazima niwakumbushe Januari 2019 ilikuwaje huku. Madumu niliyatoa nje Jumapili. Jumatano ya tarehe 30 baridi ya ncha ya dunia ilitushukia, Saint Paul na Minneapolis zikafika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa, hata posta ikasimamisha kusambaza barua, nao ni watu wanaojisifu kwamba hakuna hali ya hewa inayowazuia. Nikachungulia dirishani nikayaona madumu yangu yamezikwa, nikajisemea, haya, nimezika spinachi. Katikati ya Aprili ikaja dhoruba nyingine ya theluji, ambayo kwetu ni kama kuambiwa mgeni aliyekwishaaga amerudi kuchukua kofia. Ilipoyeyuka nikafungua dumu la kwanza. Spinachi ilikuwa imesimama, majani mawili mawili, mafupi, ya kijani cha kuiva. La pili sukuma wiki. Nilipiga picha nikamwonyesha mzee kwenye simu. Akaziangalia, akauliza kama jikoni bado kuna mkate.

Sasa mtu atauliza mbegu haifi vipi. Mbegu kavu haina maji ya kugeuka barafu ya kuipasua, na hata ikilowana bila kuchipua, bado ina uvumilivu mkubwa. Nyingine huvumilia tu, lakini nyingine huihitaji baridi yenyewe. Watu wa Lushoto tunalijua jambo hili ila hatujalipa jina. Kwa nini mapeasi na plamsi yanazaa Usambara na hayazai Tanga mjini? Mti huo hauchanui vizuri mpaka upitie ubaridi. Zipo mbegu za namna hiyo pia, zina kufuli ndani, na kufuli halifunguki mpaka zikae wiki kadhaa kwenye unyevu na baridi. Ni hekima ya mmea, usije ukachipua kwenye siku mbili za joto la Novemba ukauawa Desemba. Wenye maduka ya mbegu huku wanakushauri uzitie kwenye friji pamoja na mchanga mbichi. Mimi friji yangu ni Minnesota nzima.

Mfano ni ua moja la porini lenye utomvu mweupe kama maziwa. Kipepeo monaki, yule wa rangi ya machungwa anayeruka kutoka huku mpaka Mexico, hutaga mayai kwenye mmea huo na ndugu zake tu, na viwavi wake hawali kingine. Ndiye kipepeo wa jimbo hili tangu mwaka 2000. Mbegu za ua hilo zinataka mwezi mzima wa ubaridi na unyevu, au zaidi. Mjukuu wangu alirudi nazo kutoka chekechea kwenye bahasha, tukazitia dumu moja Januari, Mei zikaota zimesongamana kama nywele. Tangu hapo kila mwaka dumu moja ni lake, na haruhusu mtu aliguse.

Mboga hazina masharti makali hivyo, lakini zina zamu. Kuanzia sasa mpaka Machi nasia zinazovumilia: sukuma wiki, spinachi, kabichi, saladi, giligilani. Nyanya nazingoja mwanzo wa Aprili, na miche yake siihamishii bustanini mpaka katikati ya Mei jalidi ikishaaga. Mnafu nilijaribu kwa sababu ya jirani yangu wa Kisii, ambaye anauita managu na ananiambia kila siku, "Mzee, hizi spinachi zako ni maji tu." Niliutia dumu mwisho wa Machi, ukaota Mei, ukatoa majani mpaka Septemba. Mchicha na bamia haviendi na njia hii. Ni watoto wa joto, visubiri mwisho wa Mei viende moja kwa moja ardhini. Pilipili hoho hazijawahi kunitii, nanunua miche.

Faida iliyonishangaza kuliko zote ni uimara wa miche. Nilishawahi kuotesha ndani ya nyumba chini ya taa, sikatai. Miche hutoka mirefu, myembamba, imepinda shingo kama mtoto aliyelelewa ndani ya chandarua, na kabla ya kuitoa nje inabidi uizoeshe siku kumi, leo saa moja kivulini, kesho mbili, jioni uirudishe. Mtu mwenye zamu za usiku ataiweza vipi kazi hiyo? Miche ya dumu imezaliwa uani. Upepo inaujua, usiku inaujua. Nachota kipande chake na udongo wake kama kipande cha keki, nakitia shimoni, basi.

Ina hatari zake, na kubwa si baridi bali joto. Siku moja ya Aprili 2022 niliondoka asubuhi kuna mawingu, jua likatoka saa nne, na madumu yangu yalikuwa bado yamefungwa viuno. Niliporudi jioni saladi ilikuwa imepikwa kabisa, haikuhitaji hata sufuria. Siku hizi miche ikishagusa nusu ya dumu nakata mkanda, mchana nalifunua, usiku nalifunika. Na udongo lazima uuangalie; ukiliinua dumu ukaliona jepesi, lina kiu. Kosa jingine ni la kuandika majina. Nilitumia kalamu ya wino wa kudumu, nao haukudumu. Kufika Aprili jua lilikuwa limeufuta wote, nikawa na madumu manane ya miche inayofanana, maana ukoo wa kabichi udogoni wote una sura moja. Mke wangu, Mama Rehema, alipanda kando ya njia kile alichoamini ni sukuma wiki, ikatoka brokoli, na mpaka leo ananikumbusha mbele ya wageni. Andika kwa penseli kwenye kipande cha plastiki, ukichomeke ndani.

Tulipokuwa bado tunapanga ghorofani, wasimamizi wa jengo walinibandikia barua mlangoni: niondoe takataka kwenye kibaraza ndani ya saa 48. Niliumia, nakiri. Si kwa sababu walikosea sheria, ila ni kule kusoma neno takataka, nikitazama kitalu changu kilichopangwa mstari kama cha ofisi ya misitu. Nilikwenda ofisini kwao na dumu moja lenye saladi, nikalifungua mezani. Yule binti wa mapokezi akauliza kama anaweza kuchuma jani. Tulikubaliana niyaweke ndani ya kreti za plastiki yasionekane ovyo, na kweli kreti zilisaidia, kwa sababu upepo wa Machi ulikuwa unayabiringisha.

Nisisahau, dumu lenye rangi nzito au kopo jeusi halifai, mwanga haupiti. Chombo kiwe kilibeba chakula, si dawa wala sabuni kali. Maboksi ya plastiki angavu ya keki na saladi za dukani yanafaa pia kama yana kina. Dumu moja linanifikisha misimu miwili, kisha jua linalikausha linavunjika kama ganda la yai, ndipo linapokwenda kwenye pipa la kurejelezwa. Utaratibu wenyewe uliwahi kuenezwa sana Marekani na mama mmoja wa Long Island, New York, aitwaye Trudi Davidoff, ingawa yule mzee wangu alisema mama yake alisia kabichi nje kwenye masanduku ya mbao yaliyofunikwa dirisha kuukuu, kabla ya maziwa kuingia kwenye plastiki.

Nirudi kwenye la pili, Ndugu Mhariri, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tafadhali msiwaambie watu wafungashiwe mbegu kwenye masanduku. Nasema kama mtu yaliyomkuta. Dada yangu alinifungia mbegu za mchicha na mnafu kwenye pindo la kanga, kwa upendo, na mimi kwenye fomu ya ndege nikaweka alama kwamba sina mimea wala mbegu. Uwanja wa ndege wakaikuta kanga. Mbegu zikachukuliwa, nami nikawekwa benchi kwa muda wa kutosha kujutia kila kitu. Yule ofisa alinieleza kwa upole kwamba kosa kubwa ni kutotamka, mbegu zilifuata baadaye. Na alikuwa na haki: ndani ya mbegu husafiri magonjwa na wadudu, na mkulima wa Lukozi aliyewahi kuona viazi vyake vimeoza shambani hana haja ya kufundishwa hilo.

Njia halali ipo. Mbegu za kupanda zinazoingia Marekani zinatakiwa zifuatane na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Kwa mtu wa bustani ndogo, Idara ya Kilimo ya Marekani ina kibali cha mbegu chache chache kinachoondoa sharti la cheti hicho kwa aina nyingi: kila pakiti iwe na aina moja, isizidi mbegu 50 au gramu 10, na mzigo mmoja usizidi pakiti 50, zikiwa na majina yake ya kitaalamu. Pakiti zinatumwa kwenye kituo chao cha ukaguzi, ndipo zinakufikia. Inachukua muda, lakini hukai benchi. Na mara nyingi hata haina haja: mchicha unauzwa huku, mnafu unapatikana kwa wakulima wa Kikenya, na Wakongo na Warundi katika masoko ya majira ya joto wana lengalenga, ambayo ni mchicha huo huo kwa jina la kwao. Ukipata mche mmoja, uache uzae, mbegu za mwakani umeshazipata.

Mdogo wangu wa Lukozi nilipomtumia picha aliniuliza kama na yeye ajaribu. Nilimjibu hapana, si kwa namna hii. Huko hakuna majira ya kuganda ya kuzilaza mbegu na kuziamsha. Kipupwe cha Juni na Julai kinachelewesha tu miche. Dumu lililokatwa likiwekwa kinyumenyume juu ya mche wa nyanya wakati wa ukungu ule litamfaa zaidi. Naye akanijibu kwamba Lukozi dumu la lita tano halitupwi hata siku moja, lina kazi ya mafuta, ya maji na ya pombe, nami nimekaa Marekani mpaka nimesahau.

Basi ombi langu ni hilo moja: toleo lijalo mwandishi wenu asahihishe habari ya mbegu za kwenye sanduku, kabla watu hawajasafiri Krismasi. Haya mengine akitaka ayajaribu, akitaka ayaache. Mimi nina madumu 22 mezani, matatu hayajatobolewa, na Mama Rehema anaitaka meza yake kabla ya chakula cha jioni.

Wako msomaji,
Baba Rehema,
Saint Paul, Minnesota